Msamaha wa kodi ya waliojiajiri nikiwa Uingereza: programu mbili nilizotumia

Nimetumia programu mbili za kujaza ritani ya kodi ya Marekani: ya kwanza naipa nyota mbili, ya pili nne. Majina siyataji, maana matoleo hubadilika kila msimu wa kodi, na shida niliyokutana nayo unaweza kuikuta kwenye programu nyingine pia.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga mwenye uraia wa Marekani. Naishi Uingereza na kazi yangu ni ukalimani na tafsiri. Sina mwajiri, ankara naandika mwenyewe. Mwenye uraia au grinikadi ya Marekani hujaza ritani ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, popote alipo duniani, na hilo wengi wetu tunalijua. Tunajua pia fomu 2555, inayokuruhusu kuondoa kipato ulichokichumia ughaibuni kisitozwe kodi ya mapato, mpaka dola 126,500 kwa mwaka 2024. Kwa kipato kama changu kodi ya mapato inashuka hadi sifuri, na mtu anashusha pumzi.

Asishushe mapema. Aliyejiajiri ana kodi ya pili, ile inayochangia pensheni na Medicare (bima ya afya ya wazee ya Marekani): asilimia 15.3, yaani 12.4 ya hifadhi ya jamii na 2.9 ya Medicare, inayopigwa kwenye asilimia 92.35 ya faida yako. Inaanza faida ikifika dola 400 tu. Fomu 2555 haiigusi hata senti. Aliyebakiwa na faida ya dola 30,000 anadaiwa kama dola 4,239, hata kama kodi yake ya mapato ni sifuri. Na huku Uingereza nalipa National Insurance, mchango wao wa hifadhi ya jamii, ambayo kwa aliyejiajiri, kwa mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2024, ni asilimia 6 ya faida iliyo kati ya pauni 12,570 na 50,270. Ni sawa na kukatwa NSSF mara mbili kwa mshahara mmoja.

Dawa yake ipo tangu 1985, ulipoanza kutumika mkataba wa hifadhi ya jamii kati ya Marekani na Uingereza. Kwa aliyejiajiri kanuni yake ni nyepesi: unachangia nchi unayoishi, basi. Hata wateja wako wote wawe Chicago, ukiwa mkazi wa Uingereza unachangia Uingereza. Ushahidi wake ni cheti kinachotolewa na HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kuonyesha kwamba uko kwenye mfumo wao. Kuomba ni bure. Omba mapema, kabla msimu wa ritani haujakukaba, na kikifika kagua tarehe zilizoandikwa, zifunike mwaka mzima unaoujazia.

Sasa tuje kwenye programu.

Ya kwanza ni ile inayokuhoji swali kwa swali. Kwenye fomu 2555 sina cha kulalamika. Iliuliza nilihamia lini, safari za kwenda Marekani, anwani, ikapanga kila kitu vizuri. Nilipoingiza mapato na gharama za biashara, ikatengeneza yenyewe Schedule SE, fomu ya kukokotoa ile kodi ya waliojiajiri, na kuniwekea deni. Nikatafuta pa kusema kwamba nina cheti. Hapakuwepo. Iliniuliza kama mimi ni mchungaji, au kama niko kwenye dhehebu linalokataa bima kwa imani. Hiyo ni misamaha halali, ila ina fomu zake, 4361 na 4029, na haihusiani kabisa na mkataba. Nasikia wapo wanaoweka tiki hapo ili deni lipotee. Usithubutu, unatangaza mbele ya serikali kitu ambacho si kweli.

Huduma kwa wateja walinijibu kwa upole na bila msaada. Kijana wa kwenye chati alinirudisha kwenye fomu 2555 kila nilipomweleza kwamba siyo hiyo. Njia iliyobaki ilikuwa kufungua fomu zenyewe na kufuta tarakimu kwa nguvu. Programu ikakubali, lakini ikafunga mlango wa kutuma kwa mtandao. Kwa hiyo nikachapisha ritani nzima, nikaambatisha nakala ya cheti, na kwenye Schedule 2, mstari wa 4, nikaandika maneno ambayo maelekezo ya IRS yanataka yaandikwe hivyo hivyo: "Exempt, see attached statement", yaani nimesamehewa, tazama maelezo yaliyoambatishwa. Bahasha ikaenda Austin, Texas, kwa rejista. Ulipie toleo la bei kubwa, lile la wenye biashara, halafu uishie posta! Ndiyo maana ya nyota mbili.

Ya pili imetengenezwa kwa ajili ya Wamarekani wanaoishi nje. Mwonekano wake ni wa kizamani, na kubadilisha pauni kuwa dola unafanya mwenyewe (natumia wastani wa mwaka unaochapishwa na IRS). Lakini ina swali lenyewe: je, unachangia hifadhi ya jamii ya nchi yenye mkataba na Marekani? Ukijibu ndiyo, unachagua nchi, unapakia PDF ya cheti, na yale maneno yanajiandika kwenye mstari wake. Deni likatoka, ritani ikatumwa kwa mtandao, ikapokelewa. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu haikumbushi kwamba nakala ya cheti inatakiwa kila mwaka unaoomba msamaha. Anayedhani aliyoituma mwaka jana inatosha atajikuta matatani.

Kabla hujanunua programu yoyote, jaza kwanza sehemu ya biashara kwenye toleo la majaribio uone kama swali la mkataba linatokea. Zinazokutoza mwishoni tu zinaruhusu hilo.

Jambo jingine la kupima: miaka ya msamaha haikuongezei pointi za pensheni ya Marekani. Mkataba unaruhusu kuunganisha vipindi vya nchi mbili ukiwa na angalau pointi 6 za Marekani kati ya 40 zinazohitajika kwa kawaida, lakini pensheni utakayopata kule itapimwa kwa ulichochangia kule.

Na walio Dar, Nairobi, Muscat au Dubai msijisumbue kutafuta swali hilo. Marekani ina mikataba ya namna hii na nchi 30, ikiwemo Kanada, Ujerumani, Sweden na Australia, na hakuna hata moja ya Afrika wala ya Ghuba. Huko, programu ikikuwekea asilimia 15.3, imekokotoa sawasawa.