Hoteli ya chai ya Bombo: chapati nzuri, na uvumi hauachwi upite hivi hivi

Naendesha lori la mizigo kati ya Kampala na Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na kwa miaka mitatu sasa chai yangu ya asubuhi nainywa Bombo, mji wenye kambi ya jeshi, kwenye hoteli ndogo ya mabati kando ya barabara ya Gulu. Haina kibao. Utaijua kwa moshi na kwa mabenchi mawili yaliyojaa wazee, wengi wao wanajeshi wastaafu, na Kiswahili chao cha kambini.

Chai ya maziwa yenye tangawizi shilingi 1,000, chapati 1,000. Chapati inachambuka yenyewe, wala haikuachii mafuta mkononi. Maharage siku nyingine chumvi inazidi. Choo kiko mbali.

Ila mimi siendi pale kwa chai tu, naenda kwa sababu pale uvumi huulizwa ushahidi. Usiku wa Julai 11, 2010 nilikuwa Kabalagala, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, bomu lilipolipuka kwenye mkahawa wa Kihabeshi. Mengine yakalipuka kwenye klabu ya raga ya Kyadondo. Walikufa watu zaidi ya 70. Mwanasiasa akinitishia ugaidi ili apate kura yangu, naona anawachezea maiti niliowaona kwa macho yangu.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia, simu yake inapaza sauti: magaidi wameshaingia mjini na wapinzani ndio wanaowaficha. Wateja wawili wakaacha vikombe, wakasimama. Afande mmoja mzee akamuuliza taratibu, "Kijana wangu, nani amewaona? Wapi? Saa ngapi?" Kijana akairudia ile sauti tangu mwanzo. Hakuna mtaa, hakuna saa, hakuna jina la msemaji. Jina la chama tu, mara nne.

Afande akachukua kichupa cha chumvi mezani, akakiinua. "Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule, aliinua kichupa hivi, Februari 5, 2003, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kuionya dunia kuhusu sumu ya Iraki. Machi vita vikaanza. Silaha za maangamizi hazikupatikana." Nikakumbuka kwamba Powell mwenyewe alikuja kukiri kuwa hotuba ile ni doa kwenye jina lake. Kijana akaketi, akaagiza chai.

Msidhani wazee hawa wana msimamo mmoja. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba raia wasishtakiwe kwenye mahakama za kijeshi, na Mei Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha huko kwa makosa fulani. Afande yuleyule akaliunga mkono Bunge. Muuza mkaa akampinga mpaka chai ikapoa: raia akikosa, mahakama za kiraia zipo, za nini basi? Walibishana kwa nguvu, na hakuna aliyemwita mwenzake msaliti. Sharti ni la mama mwenye hoteli: ukimwita mteja gaidi au msaliti bila ushahidi, lipa chai yako uondoke. Nimemwona akimtoa mteja wake wa kila siku, tena siku ambayo biashara ilikuwa mbaya. Kwa hilo namheshimu sana.

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja ni ya chumvi na choo. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, chapati huisha. Na lori usiliegeshe mlangoni. Vuka barabara, kuna nafasi chini ya mwembe.