Piano ya dijitali na kompyuta: waya upi ununue kwanza

Kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, geuza piano yako uangalie mgongoni. Tundu utakalolikuta huko ndilo litakaloamua utumie shilingi ngapi. Nimeona wapiga vinanda wa kwaya wakiuziwa saundikadi (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ya laki kadhaa, kumbe walichohitaji ni waya wa printa. Inaniuma, maana mara nyingi hiyo ni pesa ya mchango.

Halafu jiulize: unataka kompyuta ipokee noti, au sauti? Noti husafiri kwa MIDI, lugha ya vyombo vya muziki na kompyuta iliyoanza mwaka 1983, nayo haibebi sauti hata kidogo. Inabeba habari: kitufe kipi kimebonyezwa, kwa nguvu gani kati ya 1 na 127, kimeachiwa lini. Sauti inatengenezwa na programu iliyomo kwenye kompyuta. Utamu wake ni kwamba ukikosea noti moja kwenye wimbo wa dakika nne, unairekebisha hiyo moja tu.

Namba moja, bila kusita: waya wa USB wa printa. Upande mmoja kichwa bapa, upande wa pili kichwa cha mraba kilichokatwa pembe mbili za juu. Yamaha P-45 inautumia, na piano nyingine nyingi pia. Unapatikana karibu kila duka la vifaa vya kompyuta. Chukua wa mita mbili au tatu, usivuke tano. Piano kama Yamaha P-125 na Roland FP-30X hupitisha na sauti yenyewe kwenye waya huo huo. Mwenye hizo amemaliza manunuzi.

Kitakachokusumbua ni uchelewaji: unabonyeza, sauti inafuata nyuma. Usiulaumu waya. Kwenye Windows pakua ASIO4ALL, programu ndogo ya bure ya kupunguza uchelewaji huo, kisha shusha bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa) kwenye programu yako ya muziki hadi sampuli 256 au 128. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 256 ni kama milisekunde 6, na kidole hakihisi kitu. Ya 1,024 ni zaidi ya 23, na hapo utagombana na mdundo wimbo mzima. Ukisikia kila noti mara mbili, piano inapiga yake na kompyuta inapiga yake. Shusha sauti ya piano mpaka mwisho. Programu ya kuanzia? Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na wenye Mac wana GarageBand bure.

Namba mbili ni saundikadi ya nje, kwa anayeipenda sauti ya piano yake jinsi ilivyo, au anayetaka kurekodi na mwimbaji. Iwe na matundu mawili ya kuingizia sauti ya vyombo (line), kwa kuwa piano inatoa kushoto na kulia: Focusrite Scarlett 2i2 au Behringer UMC202HD zinatosha. P-45 ina tundu la hedifoni tu, kwa hiyo utahitaji waya unaogawanyika kutoka jeki moja ya stereo kwenda mbili za mono. Ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Mara nyingi unanyamaza hapo hapo.

Namba tatu ni ya wenye vinanda vya zamani, vile vyenye matundu ya duara ya vitobo vitano. Kuna waya wa MIDI kwenda USB, na hapa ndipo nilipoumia. Nilichukua wa bei ya chini kabisa. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hizi zote ni moja, tofauti jina tu." Jumamosi ya mazoezi nikakanyaga pedali, nikapiga noti kumi kwa pamoja, vidole vyote, nikaachia. Noti moja ya besi ikabaki inalia peke yake mpaka nilipochomoa, kwaya nzima imesimama inanitazama. Siku hizi nanunua penye kinanda cha kujaribia tu, na jaribio langu ni hilo hilo: pedali, vidole kumi, achia, sikiliza. Kichwa kilichoandikwa IN kwa kawaida kinaingia OUT ya kinanda; kama kimya, vibadilishane. Na kama saundikadi iko kwenye mpango wako, Behringer UMC204HD ina matundu hayo ya MIDI tayari.

Bluetooth, ya kupeleka noti bila waya, naiweka ya nne. Kwenye Mac na iPad inakwenda vizuri, kwenye Windows ni usumbufu.

Waya mwembamba wa kutoka tundu la hedifoni kwenda tundu la maiki la laptopu usinunue kabisa. Tundu hilo limetengenezwa kwa sauti ndogo ya maiki, hivyo piano inaingia imepasuka, na mara nyingi upande mmoja tu. Hela hiyo weka kwenye hedifoni za waya. Zile za Bluetooth zitakurudishia uchelewaji wote uliohangaika kuuondoa.