CT scan ya kufuatilia mapafu hapa Mbeya: mashine safi, ripoti ndo shida

Mimi nilitibiwa kansa ya mapafu Dar, mionzi na kemo, nikamaliza namshukuru Mungu, sasa nipo kwenye kufuatiliwa. Yaani kila miezi sita napiga CT scan ya kifua, inaenda hivyo miaka miwili mitatu ya mwanzo maana ndo kipindi ugonjwa unapenda kurudi, baada ya hapo mara moja kwa mwaka. Eksirei ya kawaida daktari wangu hataki hata kuisikia, anasema uvimbe mdogo unajificha nyuma ya moyo au mbavu hauonekani. PET scan nayo, ile ya kuchomwa sukari yenye mionzi kidogo ili sehemu zenye kansa ziwake kwenye picha, akasema sio ya kupiga kila mara, ni mpaka CT ionyeshe kitu cha kutilia shaka.

Sasa kupanda basi la Dar kwa ajili ya picha tu, hapana, mgongo wenyewe ndo huu. Nikaamua kupiga hapa hapa Mbeya, kituo cha binafsi, jina tuliache.

Mapokezi hawana shida. Walitaka kwanza majibu ya figo, ile kreatinini, kwa sababu ya dawa wanayokuchoma mshipani ili picha ionekane vizuri, hapo nikawaona wapo makini. Chumba baridi balaa, na Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua, umevaa kile kigauni cha kufunga nyuma unatetemeka tu. Dawa ikiingia joto linaanzia kooni linashuka hadi chini, unahisi kabisa umejikojolea, mdomoni ladha ya chuma, muda kidogo imeisha, msishtuke. Mashine inakuamrisha kwa Kiingereza uvute pumzi uzuie, mzee mmoja wa Tukuyu alitoka analalamika eti lile dude linamfokea 😂 Kwangu kijana anayepiga picha aliongea mwenyewe kwenye spika, "vuta pumzi mama, zuia hapo hapo... haya pumua."

Shida ni ripoti. Nilikuwa nimewapa CD ya picha za nyuma, nikawaambia kabisa linganisheni. Bahasha nikarudishiwa imefungwa vile vile! Ripoti inasema kuna doa pafu la kulia, huenda TB huenda kansa imerudi, nikapimwe makohozi. Hebu fikiria unasoma hayo umekaa kwenye bajaji. Makohozi nikapima, hakuna TB, na usingizi ndo ukakata kabisa. Daktari wa Dar alipofungua picha mpya na ya zamani pamoja akasema hilo ni kovu la mionzi, lilikuwepo toka mwanzo na halijakua hata kidogo. Mionzi inaacha kovu pale ilipopita, na kovu kwenye picha moja peke yake linaweza kumchanganya hata mtaalamu, anachotakiwa kuangalia ni kama limebadilika. Sasa bila ya zamani atajuaje?

Kwa hiyo ukienda usiondoke mapokezi mpaka uone wameingiza CD yako kwenye kompyuta, na kwenye fomu daktari aandike ulipigwa mionzi upande gani na lini. Na udai CD yako mpya, picha za kupiga na simu kwenye filamu kumtumia daktari WhatsApp hazisaidii kitu.

Nawapa nyota tatu. Nitarudi kwao maana mashine ni nzuri na yule kijana wa kanula, kale kamrija ka kupitishia dawa mshipani, ana mkono mwepesi, ila kusomewa picha nitaendelea kusomewa Dar. Kuna mtu amepiga Iringa au Njombe? Ripoti zao zinalinganisha?