Mailcow kwa domeni nyingi: tathmini kutoka ofisi ya utalii Moshi

Kampuni nyingi za utalii za Moshi na Arusha hazina domeni moja tu, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani ya baruapepe. Moja huwa ya kupandisha wageni Kilimanjaro, nyingine ya safari za Serengeti na Ngorongoro, na mara nyingi ipo ya tatu inayoishia na .co.tz kwa ajili ya wateja wa ndani na zabuni. Huduma zinazotoza kila akaunti kila mwezi huwa mzigo hapo, kwa kuwa akaunti ya ghala inayofunguliwa kwa nadra hulipiwa sawa na ya meneja mauzo. Kwa sababu hiyo ofisi ninayoihudumia ilihamishia baruapepe zake zote kwenye Mailcow, programu huria ya seva ya baruapepe inayokusanya Postfix (hutuma na kupokea barua), Dovecot (huhifadhi masanduku ya barua), Rspamd (huchuja barua taka) na SOGo (ukurasa wa kusomea barua) ndani ya kontena za Docker, yaani vifurushi vinavyoendesha kila programu kivyake.

Upande wa domeni nyingi, programu hii inastahili sifa. Kila domeni hupewa ukomo wake wa nafasi, ufunguo wake wa DKIM (sahihi ya kidijitali inayowekwa kwenye barua) na, ukitaka, msimamizi wake asiyeweza kuona domeni za wengine. Mtumiaji huingia kwa anwani yake kamili, kwa hiyo info@ ya domeni moja haigongani na info@ ya nyingine. Barua za zamani huvutwa kutoka seva ya awali kwa IMAP, njia ya kawaida ya kusoma barua zilizo kwenye seva, tena zikiwa katika folda zake, na watumishi wanaendelea na kazi.

Jambo linalowatatiza mafundi wengi ni DNS, mfumo unaounganisha majina ya domeni na anwani za seva. Wapo wanaodhani kwamba kila domeni inahitaji anwani yake ya IP, jambo ambalo si kweli: seva nzima hutumia anwani moja ya IP, nayo hupewa jina moja la kinyume, yaani PTR, ambalo ni jina la seva yenyewe, kisha rekodi za MX (zinazoonyesha seva inayopokea barua) za domeni zote huelekezwa kwenye jina hilo. Zinazobaki kuandikwa kwa kila domeni peke yake ni SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma), DKIM na DMARC (agizo la kufanya barua inaposhindwa ukaguzi huo), na tangu Februari 2024 Gmail huzidai zote tatu kwa anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail.

Hata hivyo, IP moja maana yake ni sifa moja machoni pa seva zinazopokea barua. Idara ya masoko ikituma matangazo ya bei za msimu wa masika kwa maelfu ya watu wasioyaomba, na IP ikaingia kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha watumaji wa barua taka, uthibitisho wa malipo wa mgeni anayepanda mlima Julai nao utakataliwa, ingawa umetoka domeni isiyohusika kabisa. Mailcow inaruhusu kuweka kikomo cha barua zinazotumwa kwa saa kwa kila domeni, nami naona kikomo hicho kiwekwe siku ya kwanza. Matangazo ya jumla yapitie huduma nyingine.

Kasoro yake ni uzito. Waundaji wenyewe wanataka angalau gigabaiti 6 za RAM, na kikagua virusi cha ClamAV hula sehemu kubwa ya hizo, ingawa kinaweza kuzimwa. Seva iwe ya kukodi kwenye kituo cha data, tena kwa mtoa huduma asiyefunga mlango wa 25 (port 25, unaotumiwa na seva kupelekeana barua), kwa kuwa intaneti ya kawaida ya ofisini haikubaliki na wapokeaji wengi. Umeme wa Moshi hauna haja ya kutajwa.

Skripti (programu ndogo) ya kuhifadhi nakala rudufu imo, lakini huandika kwenye folda uliyoitaja tu. Kuzipeleka nje ya seva na kujaribu kuzirejesha ni kazi ya fundi. Ofisi isiyo na mtu wa kuifanya kila wiki iendelee kulipia kwa akaunti.