Masi ya polima: viwango vya polistirini au mtawanyiko wa mwanga?

Tangu J. C. Moore wa kampuni ya Dow alipochapisha mwaka 1964 kromatografia ya upenyaji wa jeli, njia ya kutenganisha molekuli za polima kwa ukubwa, kolamu (bomba lililojazwa jeli) inafanya kazi ileile: molekuli kubwa hazipenyi vitundu vya jeli, hivyo hutoka kwanza, ndogo huingia humo na kuchelewa. Majibu hutofautiana kutegemea kigunduzi kinachopima kinachotoka.

Kigunduzi cha upindaji mwanga ni nafuu na hakisumbui, lakini kinaona ukolezi tu. Masi inakadiriwa kwa kulinganisha muda wa kutoka na ule wa viwango vya polistirini, yaani sampuli ambazo masi yake inajulikana. Mtego uko hapo, kwani kolamu hupanga molekuli kwa ukubwa wake ndani ya kimumunyishi, si kwa masi. Polilaktidi ndani ya THF (kimumunyishi tetrahidrofurani) hutoa namba kubwa mno, na wengi huizidisha kwa 0.58 ili ikaribie ukweli. Polima yenye matawi hukosewa kinyume chake: imejikunja, inachelewa, inaonekana nyepesi kuliko ilivyo.

Mtawanyiko wa mwanga hupima masi yenyewe bila viwango, ukolezi ukitoka kwenye kigunduzi cha kwanza. Ila unahitaji dn/dc sahihi, yaani kiasi ambacho kipeo cha upindaji mwanga cha myeyusho hubadilika kadiri ukolezi unavyoongezeka. Polistirini ndani ya THF ina takriban 0.185 mL/g, polilaktidi karibu robo yake, na ishara hufuata mraba wa namba hiyo, kwa hiyo inafifia sana. Molekuli fupi nazo hutawanya kidogo, na chembe ya vumbi huharibu mchoro mzima.

Kwa kukagua bechi za polima ileile kiwandani, kigunduzi cha upindaji mwanga kinatosha kabisa. Kwa polima mpya yenye matawi, nisingekiamini peke yake.