Likizo ya kisiwani ukitokea Dubai: kipi ununue kwanza, kipi usubiri

Kundi letu lilianza na watu kumi na mmoja. Kila mmoja aliandika "nipo". Siku ya kulipa kianzio tukabaki wanne: mimi wa Tanga, wawili wa Mombasa na mmoja wa Kampala, sote tuko kazini Dubai na sote tuna likizo isiyozidi siku sita. Tangu hapo tumesafiri mara kadhaa, kundi likipungua na kuongezeka, na orodha hii imezaliwa na mabishano yetu. Nimevipanga visiwa kwa watu wa namna yetu: mshahara wa dirhamu, pasipoti ya Afrika Mashariki, siku chache, na rafiki mmoja asiyejua kuogelea ambaye ndiye wa kwanza kuchagua hoteli.

Kabla hujanunua tiketi, ujue upepo. Visiwa vyote nitakavyovitaja vimo Bahari ya Hindi, na bahari hiyo ina mabwana wawili: kaskazi, upepo utokao kaskazini, na kusi, utokao kusini. Wengi wetu tunapata mapumziko marefu wakati wa Idi, na Idi hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 Idi el-Fitri imeangukia Machi na Idi el-Haj mwishoni mwa Mei. Mwaka 2027 ni Machi na Mei tena, mapema kidogo. Kwa mtu wa pwani hesabu hiyo haihitaji kalamu: hizo ni siku za masika. Anayekuuzia "ofa ya Idi, Zanzibar, nusu bei" hajakuonea huruma. Anajua mvua inakuja.

1. Maldivi, ila kisiwa cha wenyeji

Najua wengi mtashangaa, maana Maldivi kwenye picha ni nyumba za mbao juu ya maji na bwana harusi. Hiyo si yetu. Tangu nyumba za wageni ziruhusiwe kwenye visiwa wanavyoishi wenyeji, mtu wa kawaida anaweza kulala Maafushi, Thulusdhoo au Dhigurah kwa pesa ya kawaida, akaoga bahari ileile.

Kilichoipa nafasi ya kwanza ni pasipoti. Viza ya siku 30 hutolewa bure ukifika, kwa watu wa karibu mataifa yote. Kwenye kundi lenye Mtanzania, Wakenya na Mganda, hilo linaondoa nusu ya ugomvi. Unachotakiwa ni tiketi ya kurudi, mahali pa kulala palipolipiwa, na fomu ya mtandaoni iitwayo IMUGA unayoijaza ndani ya saa 96 kabla ya safari. Haina malipo. Ukiona tovuti inakudai ada ya fomu hiyo, ifunge.

Safari ni saa nne na dakika chache hewani. Sasa ndipo pesa inapoanza kuvuja, na hapa nakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapolia. Bei ya chumba unayoiona kwenye simu mara nyingi si bei utakayolipa. Tuseme chumba ni dola 60 kwa usiku. Ongeza asilimia 10 ya huduma, inakuwa 66. Juu yake kuna kodi ya utalii, asilimia 17, inafika dola 77 na senti. Halafu kuna kodi ya mazingira: nyumba ndogo za wageni, dola 6 kwa kila mtu kwa kila usiku. Mkiwa wawili chumbani, dola 60 zimekwisha kuwa 89. Kwenye hoteli kubwa za visiwa vya kitalii kodi hiyo ya mazingira ni dola 12. Kwa hiyo mwulize mwenye nyumba swali moja tu: "Jumla, pamoja na kodi zote, ni ngapi?" Akikujibu kwa maneno mengi, tafuta nyumba nyingine.

Jingine ni boti. Uwanja wa ndege wenyewe uko kwenye kisiwa, na kutoka hapo kila mahali ni majini. Maafushi kwa boti ya kasi ni kama nusu saa au zaidi kidogo, nauli kati ya dola 20 na 30. Feri ya umma ni rahisi mno, ila inachukua saa moja na nusu na Ijumaa haitembei. Sisi tulitua Ijumaa. Aliyepanga ratiba alikuwa mimi, na mpaka leo nikipendekeza jambo kwenye kundi mtu huandika "Ijumaa" peke yake, basi. Hoteli za mbali ndiyo kabisa: ndege za majini hutoza mamia ya dola kwa mtu, na haziruki usiku. Ukitua jioni unalala karibu na uwanja, kwa gharama yako.

Pombe visiwa vya wenyeji hakuna, wala usiibebe begini, watakunyang'anya uwanjani. Nguo za kuogea ni kwenye ufukwe uliotengwa, kwingine unajisitiri. Kwetu sisi watu wa pwani hilo si geni, lakini rafiki yako wa Kampala mwambie mapema.

Kwa asiyejua kuogelea, Maldivi ni mwalimu mzuri. Tofauti ya maji kupwa na kujaa haifiki mbali, mita moja hivi au chini, na ndani ya miamba bahari hutulia. Vaa koti la kuokolea, weka miwani ya maji, unaelea tu na samaki wanapita chini yako. Machi ni wakati mzuri, kaskazi bado iko na mvua ni chache. Mwishoni mwa Mei kusi imeingia. Kuna siku utaona jua, kuna siku utacheza karata.

2. Unguja

Watu wa kwetu watanitoa uhai kwa kuiweka ya pili. Ngoja niseme wazi: ukipata likizo kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari, Unguja ndiyo ya kwanza, na Maldivi ishuke. Ndege za moja kwa moja zipo, saa tano na nusu, na ukifika pesa yako inatembea. Hakuna pengine kwenye orodha hii utakaposhuka uwanjani ukaanza kubishana bei kwa lugha ya mama yako.

Na lugha hiyo ni mtaji. Zungumza Kiswahili kabla dereva hajataja bei, maana akishasema kwa dola, kumrudisha kwenye shilingi ni kazi. Hotelini uliza bei ya wakazi. Mtanzania mwenye kitambulisho hupunguziwa sehemu nyingi, na mara nyingi mtu wa Afrika Mashariki pia. Picha zile za "kifurushi" zenye bahari, kobe wa kisiwa cha Changuu na shamba la viungo, gawanya: panda daladala, kodi ngalawa mwenyewe, kula urojo mtaani. Mnaweza kuokoa nusu. Wageni kutoka nje ya Tanzania wakumbuke bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, dola 44. Nunua kabla ya kupanda ndege, usisubiri foleni.

Kosa kubwa la mnunuzi wa Unguja ni kuchagua hoteli bila kuuliza maji. Upande wa mashariki, Paje, Jambiani, Matemwe, mwamba uko mbali na ufukwe. Maji yakitoka unabaki na mchanga, mwani na kina mama wanaouvuna. Pazuri kwa kutembea, si pa kuogelea. Nungwi na Kendwa, kaskazini, unaoga karibu saa yoyote. Bei ya huko ni juu kidogo, na kelele pia.

Sasa sikilizeni, hili wakala hatakwambia. Idi inafuata mwezi, na bahari inafuata mwezi. Idi el-Fitri ni mwezi mosi mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwezi mwandamo, kwa hiyo ni bamvua: maji Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne, na kupwa kwa bamvua huangukia kwenye saa nne asubuhi. Yaani unamaliza kifungua kinywa, unachukua taulo, bahari imeondoka. Idi el-Haj ni mwezi kumi mfunguo tatu, maji mafu, bahari haiendi mbali. Ukitaka Paje kwa Idi, basi iwe Idi el-Haj, na ukubali mvua. Idi el-Fitri kalale Nungwi.

Sababu ya mwisho ya kuishusha haihusu bahari. Mimi nikitua Unguja si mtalii, ni mtoto aliyerudi kutoka Arabuni. Binamu atavuka kutoka Tanga. Shangazi atataka udi, mwingine simu, mwingine "hata mia tu". Siku sita zinakuwa mbili. Marafiki zako watakaa hotelini wakikusubiri huku wewe unakula pilau ya tatu kwa siku. Si vibaya, lakini weka fungu la jamaa kwenye bajeti kabla ya fungu la ngalawa.

3. Sri Lanka

Hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote ukishafika, na ndiyo inayokula muda. Ni kisiwa kikubwa, kwa hiyo uzuri wake ni kwamba mvua haiwezi kukushika kote. Desemba hadi Machi nenda kusini na magharibi: Galle, Unawatuna, Mirissa. Kuanzia Mei kusi inapiga upande huo, basi vukeni mashariki, Trincomalee au Arugam Bay, ambako ndiyo kwanza msimu unaanza. Kwa Idi el-Haj ya Mei, kwangu mashariki ya Sri Lanka inashinda wote hapo juu.

Kodini gari dogo la abiria pamoja na dereva, mgawane. Mkiwa wanne hadi sita inakuwa bei ya mchicha. Mjini bajaji zimejaa, hamtapotea. Watu wa Mombasa walipofika ngome ya Galle walipima kila ukuta kwa Fort Jesus na kutoa hukumu, kwa sauti, kwamba yetu imekaa vizuri zaidi. Chakula ni wali, samaki na nazi, na pilipili isiyo na huruma. Kibali cha kuingia kiombeni mtandaoni kabla ya safari, kwenye tovuti ya serikali. Siku ya mwezi mpevu, wanayoiita Poya, ni mapumziko na pombe haiuzwi. Wenye kiu wapige hesabu. Mawimbi ya huko yana nguvu, asiyejua kuogelea abaki panapofika magotini.

4. Shelisheli

Nzuri kuliko zote. Naiweka ya nne kwa sababu ya pochi tu. Ukitoka na mtu mmoja utalia. Ukitoka na watano mkakodi nyumba yenye jiko, hesabu inabadilika. Mnanunua samaki, mnapika wenyewe, na tunda la shelisheli, lile lile la kwetu lililobeba jina la visiwa hivyo, mnalikaanga kama chipsi. Fukwe ni za umma. La Digue mnakodi baiskeli, magari ni machache, mnaendesha hadi miguu ikatae. Boti kutoka Mahé, kisiwa kikuu, hadi Praslin ni kama saa moja, na Praslin hadi La Digue robo saa. Aprili na Mei ni tanga mbili, upepo umelala, maji ni kioo. Julai kusi inavuma na boti hiyo itakutapisha. Viza hakuna, ila kibali cha mtandaoni kipo, na kinalipiwa.

5. Morisi

Saa sita na nusu hewani kwa likizo ya siku sita, sioni mantiki. Tena Julai na Agosti, Dubai inapochoma, kule ni majira ya baridi na jioni utavaa sweta. Wenye wiki mbili, nendeni.

Mambo ya makaratasi, haraka. Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Kama bosi ndiye anayeishika, mdai: sheria ya Falme za Kiarabu haimruhusu kukaa nayo. Ukiwa umetoka Kenya au Uganda siku chache zilizopita, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wataiuliza Malé (Maldivi), Colombo (Sri Lanka) na Mahé (Shelisheli). Angalia pia viza yako ya ukaazi isiishe ukiwa ufukweni.

Pesa sisi tunaiweka kwa mchezo, yaani upatu. Watu sita, miezi sita, kila mmoja anatoa sawa, ila badala ya kupokezana inakaa kwa mtunzaji mmoja mpaka siku ya tiketi. Asiyeweka mwezi wa kwanza hajiungi mwezi wa tatu, hata akilia. Anayejitoa baada ya tiketi kununuliwa anatafuta wa kumrithi mwenyewe.

Kuna kisiwa kimoja sijakipa nafasi kwa kuwa hatujakifika: Mafia. Kutoka Dar kwa ndege ndogo ni nusu saa hivi, na kuanzia Oktoba hadi Februari papa potwe hukaa karibu na Kilindoni, mkubwa kama basi na mpole kama ng'ombe. Mapumziko ya taifa ya Falme za Kiarabu ni tarehe 2 na 3 Desemba. Wawili wameshalipa kianzio, na asiyejua kuogelea ni mmojawapo.