Aavegotchi: kibubu chenye macho

Niliwahi kutoka ukumbini kwenye harusi ya binamu yangu wa damu kabisa, keki ndo inakatwa, nikaenda kusimama pakingi natafuta netiweki ili nibembeleze mzimu. Siwatanii. Kila masaa 12 unaingia unabonyeza unaubembeleza, ukiutelekeza namba yake ya undugu na wewe inashuka. Mke wangu akanifuata, "Baba Nasra, unachati na nani huko?" Nikamwonyesha simu. Nadhani angekuta meseji za mwanamke angeelewa haraka zaidi.

Mchezo wenyewe ndo Aavegotchi, wa kampuni ya Pixelcraft Studios ya Singapore, ulianza rasmi Machi 2021 kwenye Polygon, mtandao wa kripto, yani hela za kidijitali, na mimi nimeuchezea hukohuko Polygon kwa hiyo naongelea kipindi hicho. Waliokua miaka ya 90 wanakumbuka Tamagotchi, kale kayai ka plastiki unakalisha kakifa unanuna siku nzima. Hii ni hivyohivyo ila tumboni mwa mzimu kuna hela. Jina limetoka kwa Aave, ile huduma ya kukopeshana kripto bila benki, na neno aave kwa Kifini ni mzimu.

Sa kwenye hela ndo pa kuwa makini. Unanunua portali, yani mlango mizimu inapotokea, kwa tokeni yao ya GHST, sarafu ya kripto ya mchezo wenyewe, ukiifungua unaletewa mizimu 10 uchague mmoja, na kila mzimu una aina yake ya kripto ya kuwekewa tumboni, sijui DAI, sijui ETH, ila zile ambazo tayari zimewekwa Aave na zinazaa riba mdogomdogo. Unaweka kiwango chake cha chini ndo unakuwa wako. Baadae unaweza ukaongeza au ukapunguza lakini chini ya kile kiwango hushuki, ukitaka yote lazima uuue. Yani ni kibubu! Kile cha udongo cha bibi, hela huipati mpaka uvunje, sema hiki kinavaa kofia na miwani.

Kwa hiyo ukisikia wachezaji wanasema dhamana usidhani utaupeleka mahali upewe mkopo kama unavyopeleka kadi ya gari. Dhamana hapa ni ile hela iliyolala ndani. Na ni kidogo jamani. Wa kwangu niliununua mtumba kwenye soko lao la Baazaar, kwa hela yetu kama 200,000, kuja kuangalia tumboni kuna kama 12,000. Hakuna aliyeniibia, imeandikwa palepale, mimi nilikuwa naangalia macho. Ile 188,000 nimelipia sura na adimu, na bei ya adimu inapanda na kushuka na GHST yenyewe, ambayo ukilinganisha na 2021 imeporomoka vibaya.

Adimu yake sasa mimi niliipenda. Kila mzimu una tabia nne kuu, nguvu, ukali, kutisha na ukubwa wa ubongo, zinahesabiwa kwa namba, na cha kushangaza ukiwa na 2 ni mali kama ukiwa na 97, maskini ni yule wa 50. Yani zezeta kabisa anauzika kuliko mwenye akili za wastani. Nguo nazo zinabadilisha hizo namba, kwa hiyo unajikuta saa sita usiku unatafuta kofia ya mzimu wakati shati lako la kazini halina kifungo.

Ada za Polygon zilikuwa senti tu, hapo hongera zao. Ila kwa anayeanza ni mateso, waleti, yani pochi ya kutunzia kripto, tokeni, kusaini hiki na kile, na huko kubadilisha shilingi kuwa kripto unabadilishana na watu binafsi tu, niliwahi kutuma hela nikasubiri siku mbili jamaa kazima simu. Rafiki yangu wa Unguja yeye aliishia neno riba tu, akasema mzimu halafu riba, we huogopi? Sikuwa na jibu.

Kama mchezo nawapa nyota 4 kati ya 5, kama sehemu ya kuweka akiba 2. Siku hizi siubembelezi tena. Kuuvunja nako nimeshindwa, 12,000 yenyewe ya nini, halafu mke wangu ndo kwanza anauliza mzimu wetu unaendeleaje.